Kumi na Moja Mgongoni mwa Mkono

Kama unasoma haya ukiwa umeketi kwenye kile kiti cheupe cha kliniki ya uzazi, kile kilichotengenezwa kwa watu wasiokusudia kukaa, legeza viatu. Utakaa. Daktari akikuambia saa tatu, ana maana ya asubuhi kwa jumla. Mimi nilivikalia viti hivyo kuanzia mvua za Aprili, nikapita na baridi yote ya Julai, hadi mvua nyingine zikaja kunikuta. Siandiki ili nikufundishe dawa; dawa wenyewe wanazijua. Naandika kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba ukiwa umelala pale, miguu juu, shuka hadi kifuani, bado wewe ndiye mwenye mali.

Mimi ni mtu wa River Road. Nina chumba cha kuchapisha ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabomba: kadi za harusi, stika, lebo za chupa za asali, mihuri. Ukitaka muhuri wa kampuni isiyokuwepo, si mimi wa kuulizwa, ingawa mlango naujua. Kazi ile imenifunza mambo mawili. Bei haipo, kuna mazungumzo tu. Na mtu akikuletea karatasi, unazihesabu, halafu unazihesabu tena mbele yake, na hakuna anayekasirika ila mwenye kitu cha kuficha.

Mume wangu Kimani ni kinyume changu. Ni karani katika ofisi ya bima, mtu wa shati lililopigwa pasi, na hulipa bei ya kwanza anayotajiwa. Akienda kununua nyanya, muuzaji humwongezea moja kwa huruma. Tunaishi Uthiru, kwenye ploti ya mama yake, nyumba ya mwisho baada ya wapangaji. Mama yake anaitwa Wangui. Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya mume, kwa hivyo tangu siku ya harusi yule mama alikuwa anangoja kuzaliwa upya kupitia kwangu. Hakuwa mkali. Alikuwa anauliza tu.

"Njeri, kwani Wangui amekwama wapi? Jam ya Kangemi?"

Mwaka wa kwanza nilicheka. Kufikia mwaka wa nne nilikuwa napitia lango la nyuma.

Kliniki yenyewe iko Westlands, kwenye jengo la vioo. Jina sitalitaja, na si kwa heshima. Ni kwa sababu wana wakili. Daktari alikuwa mpole, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio asubuhi. Nililiona jambo moja siku ya kwanza, nikaliacha lipite: swali nauliza mimi, jibu anapewa Kimani.

"Hizi sindano zitanifanya nini?" nilimuuliza.

Akamgeukia Kimani. "Tutampandishia dozi polepole, tuone anavyoitikia."

Kama fundi anavyozungumza na mwenye gari. Gari ni mimi.

Baada ya daktari tulipelekwa kwa mratibu, msichana aitwaye Fridah, ambaye ndiye anayepanga tarehe na malipo. Akatusogezea karatasi ya bei. Kimani aliisoma, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine, akaukunjua. Mimi nikafanya kazi yangu.

"Hii ndiyo ya mwisho?"

"Hapa si soko la Gikomba, mama," Fridah alisema, akicheka.

"Hata Gikomba huanza hivyo hivyo."

Akacheka tena. Halafu akaomba namba ya simu, na alipoiandika haikuwa yangu. Ilikuwa ya Kimani.

Siku chache baadaye Kimani alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Akavua koti, akalitundika, akasimama katikati ya jikoni.

"Nimeongea na wao. Wamepunguza."

"Nani ameongea?"

"Mimi."

"Wewe? Wamepunguza ngapi?"

"Karibu nusu."

Nilimpikia chapati usiku huo, na nilizipika kwa mapenzi, maana sikuwahi kumwona akiishinda hata bei ya soksi. Kesho yake nikamsimulia Bi Zulfa. Bi Zulfa ni jirani yangu wa dukani, mtu wa Mombasa, anauza udi, mashungi na misahafu, na amekuwa kwenye korido ile tangu kabla mimi sijajua kushika mkasi. Yeye hakufurahi hata kidogo.

"Nusu? Na hiyo nusu nyengine yaenda wapi, mwanangu?"

"Si wamepunguza tu."

"Mimi nikikuuzia udi kwa nusu, jua nimekutilia vumbi."

Nikasema moyoni, huyu ana wivu wa mfanyabiashara. Ningekuomba wewe unayesoma usiseme hivyo. Ukipunguziwa bei ya kitu kinachoingia au kutoka mwilini mwako, uliza kimepunguzwa nini. Uliza kwa sauti, tena mbele ya mashahidi.

*

Sindano zilianza na baridi. Kila jioni saa ile ile, na saa ile ilinikuta dukani, kwa hivyo dawa zilikaa kwenye friji ya Bi Zulfa, kando ya chupa zake za ukwaju. Alikuwa akinishikia pazia, mgongo umenielekea, akiniimbia kwa sauti ya chini ili nisisikie woga wangu. Nilijidunga mwenyewe. Kimani alijaribu mara ya kwanza, akafumba macho kabla sindano haijagusa ngozi, nikamwonea huruma yeye.

Tumbo likajaa alama za zambarau, za zamani zikigeuka manjano wakati mpya zinaingia. Sketi zangu zilikataa kufungwa. Nilizifunga kwa pini kubwa ya nguo za mtoto, na ucheshi wa pini ile niliuona peke yangu. Matiti yaliuma nikishuka ngazi. Nilikuwa nalia bila ruhusa. Siku moja nililia kwa sababu kadi ya harusi ilitoka na maua yamepinda, na bwana harusi akaniambia, "Madam, si neno, hata sisi hatuko sawa sana."

Chumba cha kungojea kilikuwa na televisheni isiyo na sauti, mtu anapika kitu ambacho hatutakila. Wanawake pale hawaangaliani. Kila mmoja amekumbatia mkoba wake kama amebeba siri ya serikali. Lakini asubuhi moja ya ukungu, mwanamke aliyeketi kando yangu alifungua pakiti ya biskuti, akachukua moja, akaniwekea nyingine gotini bila kugeuza kichwa. Tulitafuna pamoja kwa kelele. Sikujua jina lake. Nilipokuwa na uchungu na dunia nzima baadaye, yeye nilimtoa kwenye hesabu.

Skani ya mwisho ilifanywa na daktari mwingine, kijana, na kwa kuwa nilimwomba, alihesabu kwa sauti huku akinionyesha kwenye skrini. Kulia vifuko sita vikubwa, kushoto vitano. Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Lakini mama, si kila kifuko hutoa yai," alisema. "Usije ukanishtaki."

Nilimpenda kwa hilo. Alinijibu mimi.

Siku ya kutoa mayai tulifika jengo la vioo kabla ya magari kujaa. Pale thieta, chumba cha upasuaji, wana desturi yao, na ni nzuri. Wanawake wakizinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa huuliza swali moja tena na tena, ngapi, ngapi, ngapi, wakijibiwa wanasahau. Basi nesi wa thieta huandika namba ya mayai mgongoni mwa mkono wako kwa kalamu nene ya wino usiofutika kwa maji. Unaamka, unasoma, unanyamaza.

Niliamka. Mdomo ulikuwa mkavu kama karatasi ya kufungia. Niliinua mkono uliokuwa na dripu na juu yake, kwa buluu, palikuwa pameandikwa kumi na moja. Nesi akaniambia, "Umejitahidi sana, mama." Nikalala tena, nadhani nilikuwa natabasamu.

Nilipoamka mara ya pili, Fridah ndiye aliyekuwa kando ya kitanda. Dripu ilikuwa imetolewa, na alikuwa akinisugua mgongo wa mkono kwa pamba yenye spiriti. Nikafikiri ni usafi. Daktari akaingia na Kimani nyuma yake.

"Tumepata matano," daktari alimwambia Kimani. "Matano mazuri."

"Kumi na moja," nikasema.

Wakatazamana, wakatabasamu vile watu wazima hutabasamiana juu ya kichwa cha mtoto.

"Ni dawa ya usingizi. Huchanganya kidogo," daktari alimwambia Kimani.

Nikamtazama mume wangu.

"Njeri, ulikuwa umelala," akasema.

Sasa, kuna kitu wasichokijua watu wa Westlands kuhusu wino. Spiriti huuyeyusha, haiutoi. Sehemu yake huingia kwenye vile vijistari vya ngozi na kukaa humo hadi ngozi yenyewe ibadilike. Nyumbani nilienda dirishani, mchana, nikavuta ngozi kwa kidole gumba. Pale palikuwa na rangi ya buluu iliyopauka, mistari miwili iliyosimama kando kwa kando. Tano haina mistari miwili iliyosimama. Nikamwita Kimani, nikampa mkono. Aliushika, akaugeuza kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu sana, akaniambia:

"Hiyo ni mishipa."

*

Matano yale, mawili tu yalikua yakafaa kurudishwa tumboni. Nikarudishiwa yote mawili. Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja huko hakuna mtu anayekupunguzia. Unatembea kama umebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Unasikiliza mwili kama unasikiliza mlango. Mama ya Kimani alikuja na uji kila asubuhi, akauweka mezani, akaondoka bila kuuliza lolote, na kutouliza kwake kulinielemea kuliko maswali yote aliyowahi kuniuliza.

Damu ilinijia dukani. Nje mvua ilikuwa imeanza, River Road imekuwa mto kweli, watu wanaruka juu ya mawe. Mashine ilikuwa katikati ya kazi ya kadi na sikuizima. Bi Zulfa alifunga duka lake mchana, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya ila Ijumaa, akaketi nami nyuma ya pazia lile lile. Hakusema ni mapenzi ya Mungu. Alisema, "Lia, mimi nahesabu kadi zako." Na akazihesabu.

Tuliporudi Westlands kuzungumzia kilichotokea, daktari alimweleza Kimani kwamba mara nyingine mwili hukataa.

"Kumi na moja yaligeukaje matano?" nikauliza.

"Mama, usijitese na namba."

"Nataka nakala ya faili yangu."

"Faili ni ya kliniki," Fridah alisema, akiwa bado anatabasamu.

Kwenye korido Kimani akanishika kiwiko. "Wacha tu, Njeri. Unajiumiza." Na nilitaka kumwamini. Hilo ndilo nataka ulijue kuhusu jambo hili: kwa wiki nyingi niliutilia shaka mkono wangu mwenyewe. Niliutazama nikiwa naosha vyombo, wakati huo hata buluu haikuwepo tena, na nikajiambia labda ni mishipa kweli. Mtu unayelala naye kitanda kimoja akikuambia umeona vibaya, macho yako ndiyo hujiuzulu kwanza.

Kilichoniokoa ni ile nusu. Bi Zulfa hakurudia tena maneno yake, lakini nilipokuwa nakata karatasi yalinirudia yenyewe. Kimani amepata wapi ujuzi wa kupunguza bei? Kimani, ambaye hushukuru akiongezewa?

Kule River Road ukitaka kujua mshindani wako ananunua karatasi kwa bei gani, humuulizi. Unataja kama tayari unajua, halafu unalalamika. Atakusahihisha mwenyewe. Basi Jumapili moja, baada ya kanisa, tulikuwa kibarazani Uthiru. Mama ya Kimani na mimi tulikuwa tunamenya minji kwenye sufuria moja, Kimani ana gazeti. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, na nguo za wapangaji zimejaa kwenye kamba.

"Fridah alinipigia," nikasema, bila kuinua macho. "Amenieleza ule mpango wote."

Gazeti likashuka.

"Lakini aliniahidi," Kimani akasema. "Aliniahidi nitakueleza mwenyewe."

Minji ziliendelea kuanguka kwenye sufuria, moja moja, kutoka mikononi mwa mama yake. Mikono yangu ilikuwa imesimama.

"Basi nieleze mwenyewe."

Akanieleza. Palikuwa na mwanamke mwingine, ambaye mayai yake hayafai tena, na mume wake ana uwezo. Yale yatakayozidi matano yangeenda kwake, na wao wangelipa ile nusu yetu. Alizungumza haraka, akitazama zile nguo kwenye kamba.

"Daktari alisema ya ziada huharibika tu. Na hatungeweza kulipa yote, Njeri. Unajua hatungeweza. Nilifanya hii kitu kwa ajili yetu."

"Nani aliweka sahihi?"

"Mimi. Kulikuwa na mahali pa mume."

"Na mahali pa mke?"

"Walisema yangu inatosha."

Nikamwonyesha mgongo wa mkono wangu, mtupu.

"Na hii? Bado ni mishipa?"

Aliyezungumza ni mama yake.

"Mayai ya Njeri mliuza?"

"Si kuuza, Mama."

"Huyo mama mwingine akizaa msichana, atamwita nani?"

"Mama, hiyo si maneno ya leo."

"Nimekuuliza atamwita nani." Akaweka sufuria chini. "Mimi nimengoja hapa miaka hii yote, namaliza huyu msichana kwa maswali, kumbe Wangui wangu ameshatumwa Kileleshwa kwa matajiri, na huko atakuwa anaitwa Tiffany."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu mvua zianze, na kicheko kile hakikujua pa kusimama. Kilipita kicheko kikawa kitu kingine, na yule mama akanivuta kichwa, akakiweka kwenye aproni yake yenye maganda ya minji. Juu ya kichwa changu nikamsikia akimwambia mwanawe, "Toka hapa kidogo." Kimani akatoka.

*

Bi Zulfa nilimweleza Jumatatu. Alisikiliza huku akipanga vifurushi vya udi, halafu akanipa maagizo kama ya vita.

"Usende peke yako, na usende na mumeo. Mumeo washamzoea. Na ukifika, usikae. Ukikaa watakwambia subiri, na wewe utasubiri, kwa kuwa una adabu."

Nilienda nyuma kwenye mashine nikatoa wino ninaotumia kwenye plastiki, ambao spiriti huulamba tu na kuuacha. Nikachora mgongoni mwa mkono wangu wa kushoto, pale pale, kumi na moja. Nikaupuliza ukakauka.

Tulienda na mama ya Kimani. Alikuwa amevaa koti lake la mazishi na kofia ya sufu, na chupa ya chai kwenye kikapu, kwa sababu haamini chai ya majengo ya vioo. Pale mapokezi Fridah akainuka.

"Mna miadi?"

"Hatuna."

"Basi ketini kidogo, niangalie kama daktari ana nafasi."

"Tunasimama," nikasema.

Tukasimama. Ni jambo dogo, lakini chumba chote cha watu waliokaa huanza kuwashwa. Wanawake waliinua vichwa kutoka kwenye mikoba yao. Mmoja akautazama mkono wangu. Kabla mpishi wa televisheni hajageuza samaki wake, tulikuwa ofisini.

Daktari alipoketi, macho yake yalimtafuta mwanamume. Hayakumpata. Yakaenda kwa mama ya Kimani, kwa sababu ya umri.

"Mama, haya mambo huwa ni mazito kidogo kueleza."

Mama ya Kimani akaninyooshea kidevu. "Mwenyewe ni huyu."

Nikaweka mkono juu ya meza yake, kati ya kalenda na kikombe.

"Sita yangu yako wapi?"

Aliusogeza ule mkono kwa macho tu. Akasema kila kitu kilifanywa kwa utaratibu. Akasema mume wangu aliridhia.

"Yalitoka kwa Kimani?"

"La, lakini kama mume..."

"Ningejua anataga," mama ya Kimani akasema, "ningemjengea kizimba."

Nakwambia ukweli, hapo ndipo kwa mara ya kwanza daktari yule alinitazama usoni. Na alipokwisha kunitazama, akaanza kujibu. Mayai yote sita yaligandishwa, kwa sababu yule mwanamke mwingine hakuwa tayari wakati ule. Mwezi uliopita waliyayeyusha matatu wakamtumia yeye. Matatu mengine yapo, na siku yake ya kuyatumia ilikuwa wiki inayofuata.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Ukweli ndio uliniyumbisha. Matatu. Nikashika ukingo wa meza.

"Sikiliza," akasema, na sauti ya redio ikarudi. "Tumeelewana vibaya. Nitakufanyia mzunguko mzima upya. Dawa, thieta, kila kitu. Hutalipa chochote. Tunafunga jambo hili hapa, kimya kimya, na unajaribu tena."

Nimekuwa nikipatana bei tangu nikiwa msichana, na sijawahi kutajiwa bora kuliko hiyo. Hata mama ya Kimani alivuta pumzi. Mwili wangu wenyewe ulisogea mbele kuelekea mezani, kwa mazoea. Halafu nikakumbuka kila sindano nyuma ya pazia la Bi Zulfa, na nikafikiri: huyu anataka kununua vitu vyangu kwa vitu vyangu.

"Sitaki bei," nikamwambia. "Nataka matatu yangu. Leo yaandikwe jina langu, na mtu asiyaguse hadi nitakapoyahamisha."

"Kuna mama mwingine anayangoja. Naye pia ameteseka."

Hilo lilinichoma, na alijua litanichoma. Akilini nilimwona yule wa biskuti, ingawa huenda hakuwa yeye.

"Basi naye mwambieni ukweli," nikasema. "Sisi wawili hakuna aliyeulizwa."

Akasema atahitaji muda ashauriane na wenzake. Nikamwambia achukue muda wake. Mimi ningesimama pale nje, na mtu yeyote atakayeniuliza kwa nini nina namba mkononi, nitamweleza, kwa utaratibu.

Mama ya Kimani alinimiminia chai mapokezi. Tulikunywa tukiwa wima. Mwanamke wa kwanza aliniuliza kabla sijafika nusu ya kikombe. Nilikuwa bado namweleza wa pili Fridah alipotuita ndani.

*

Mtungi wa kubebea mayai yaliyogandishwa unafanana na ule wa maziwa, wa mabati, ila ukifunguliwa hutoa moshi mweupe. Niliyahamishia hospitali nyingine, upande wa pili wa mji. Kimani aliomba aendeshe gari. Nilikubali, kwa kuwa anaendesha polepole. Mtumishi wa hospitali alikaa mbele naye, mimi na mama yake nyuma, mtungi kati ya miguu yangu. Kwenye kioo nilimwona Kimani akinitazama kila tuliposimama kwenye taa.

"Njeri, nilitaka tu tupate mtoto."

"Najua," nikasema. "Hata mimi."

Sijui kama huko ni kusamehe. Bado tunakaa nyumba moja. Ananunua nyanya, ananiambia alivyouziwa, nami nanyamaza. Kuna siku napita mgongo wa mkono wangu kwenye mwanga na yeye anatoka chumbani. Wengine watakuambia ndoa hupona. Mimi nakuambia tu usimwache mtu mwingine awe ndiye namba ya simu ya mwili wako, hata kama ni mtu mzuri, hata kama anakupenda. Kimani ni mtu mzuri. Na ananipenda.

Kule hospitali mpya mtaalamu wa maabara alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Alifungua mtungi, akaingiza koleo kwenye moshi, akainua vijirija vyembamba kama vijiti, akanisomea jina langu lililoandikwa juu ya kila kimoja.

"Matatu," akasema.

"Rudia, tafadhali."

Hakukasirika. Akarudia, polepole zaidi, akinionyesha.

Halafu akavuta karatasi yake ya kupokelea. "Tuandike kwa jina la nani?"

"Langu."

"Na mume?" Kimani alikuwa amesimama mlangoni, kofia mikononi.

"Kwa sasa, langu peke yake."

Akaandika. Kalamu ilipita ile sehemu ya pili bila kuigusa.

Nje, mama ya Kimani alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi wa maua, kikapu mapajani. Alinitazama nikishuka ngazi, hakuuliza nimeongea nini na nani.

"Ni ngapi?"

"Matatu."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

Akaitika kwa kichwa, akafungua chupa ya chai, na kwa muda hakuna aliyetaja yale mengine matatu.